Sheria, Umbali na Haki za Mgonjwa wa Akili: Mtazamo kutoka Same na Milima ya Upare

Historia ya tiba ya akili nchini Tanzania kwa kawaida huandikwa kwa kufuata hospitali na sheria. Insha hii inadai kuwa, kwa wakazi wa Same na Milima ya Upare, umbali nao umeamua haki za mgonjwa. Kituo cha wamisionari cha Lutindi, katika milima jirani ya Usambara, kilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Mwaka 1927 Waingereza walifungua Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Reli ya Tanga, inayopita Same, haikuunganishwa na Reli ya Kati hadi 1963. Hivyo amri ya kumlaza mgonjwa Mirembe ilikuwa pia amri ya kumtenga na ukoo wake. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, iliyofuta ile iliyorithiwa kutoka ukoloni, inamtambua mgonjwa anayelazwa kwa hiari yake. Hata hivyo, hiari huhitaji huduma iliyo karibu. Kwa mgonjwa wa kijiji cha mlimani asiye na nauli, haki ya kuridhia tiba hubaki mikononi mwa ndugu anayemsindikiza. Kwa hiyo, utafiti wa haki hizo hauna budi kuanzia nyumbani kwa mgonjwa, kabla ya mlango wa wodi.