Vijiji Viwili na Bonde Moja

Bumanzi na Muhumuro ni vijiji viwili vinavyojulikana sana Rwanda, lakini ukivitafuta kwenye ramani utachoka. Ni vya redioni. Vimo katika Musekeweya, yaani mapambazuko mapya, mchezo wa redio ulioanza mwaka 2004 chini ya shirika la Radio La Benevolencija. Kati ya vijiji hivyo kuna bonde lenye rutuba. Kijiji kimoja kinapewa bonde, kingine kinabaki na njaa na wivu, na anatokea kiongozi wa kuuchochea huo wivu mpaka watu wanashambuliana. Halafu kuna Shema na Batamuliza wanaopendana, mmoja huku, mmoja kule.

Sasa niambie, hapo kuna jipya gani? Ndugu wanaogombea shamba tunawajua. Wapenzi waliotenganishwa na koo zao tunawajua pia, hata bibi yangu angekumalizia hadithi kabla hujafika katikati. Na ndo maana nauandika mchezo huu.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kigali, wakimbizi wa mjini, wengi wametoka Kongo na Burundi. Jumamosi tunacheza mchezo wa kuigiza wa mezani: msimulizi mmoja, wachezaji watano au sita, karatasi, penseli, dadu. Kila mchezaji ana mhusika wake, anaamua afanye nini, na dadu inasema amefaulu au hapana. Kila kijana anayejaribu kuwa msimulizi kwa mara ya kwanza anakuja na wasiwasi ule ule: eti nitunge hadithi ambayo haijawahi kusikika. Namwambia hata wenye mchezo hawakufanya hivyo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa Dungeons & Dragons kule Marekani mwaka 1974, waliazima waziwazi kutoka hadithi walizozisoma. Walichukua hata wale watu wafupi wa Tolkien kwa jina lao lile lile, mpaka wenye haki wakalalamika na jina likabadilishwa.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii ya kuazima ilipitia redioni. Miguel Sabido wa Mexico, kwenye tamthilia zake za televisheni za miaka ya 1970, aliweka watu wa aina tatu: mwema, mbaya, na yule anayeyumba katikati. Radio Tanzania ikaitumia njia hiyo mwaka 1993 katika Twende na Wakati. Humo yumo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu ambaye mwishowe anaondoka na kujitafutia maisha yake. Dereva wa lori wa namna hiyo nani hamjui? Msikilizaji hakuhitaji kuelezwa, akili yake yote ilibaki kwenye swali moja: Tunu atafanya nini?

Mezani kwangu ni hivyo hivyo. Mmoja katoka Uvira, mwingine Masisi, mwingine Bujumbura. Nikisema "fisi amekaa kwenye kisima", wote wameshaelewa ni mlafi na si mwerevu sana, na wote wanamtafuta sungura, yule Wanyarwanda wanayemwita Bakame. Nimeokoa nusu saa ya maelezo. Kisha ndo nageuza: fisi ana watoto wenye kiu.

Kugeuza ni lazima, maana hadithi iliyozoeleka inaweza pia kuua. RTLM, redio iliyorusha chuki hapa mwaka 1993 na 1994, haikutunga kitu kigeni. Ilisimulia ile ya zamani kabisa, ya adui aliye mbaya kwa kuzaliwa, ikawaita watu mende. Kwa hiyo yale majitu ya vitabu vya mchezo, ambayo kabila zima ni waovu na unaruhusiwa kuyaua bila kuuliza, mezani kwangu hayaingii. Vijana wengine hulalamika kwamba vita vinakosa ladha. Walalamike tu.

Je, hadithi za namna hii zinabadilisha mtu? Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji wa Musekeweya kwa mwaka mzima, akachapisha matokeo mwaka 2009. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona mwenendo unaofaa katika jamii, na walivyotenda. Mwishoni kila kikundi kiliachiwa redio ya kaseti. Waliokuwa wakisikiliza mchezo mwingine, wa afya, waliona haraka kwamba kiongozi wa eneo aitunze. Wale wa Musekeweya walijadiliana na kubishana jinsi ya kuitumia wote.

Ila mwaka 2010 akatoa utafiti wa mashariki mwa Kongo, na huo kila mfanyakazi wa shirika anayependa kusema "wacha wajadiliane" ausome. Huko mchezo wa redio wa amani ulifuatiwa, sehemu nyingine, na kipindi cha kuhimiza mazungumzo. Waliosikia kipindi hicho walizungumza zaidi kweli, lakini kinyongo kiliongezeka. Walipoombwa kuchangia chumvi waliyopewa kwa kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu kuliko waliosikia mchezo peke yake.

Hilo limenifanya niendeshe meza kwa namna fulani. Mchezo ukiisha siwaulizi "hii inafanana na nini nyumbani?" Kijana aliyepoteza baba Masisi anajua inafanana na nini. Anaongea kwa mdomo wa mhusika wake, ndani ya mchezo, na mwenzake anamjibu vivyo hivyo. Wafadhili wananiomba ripoti ya majadiliano, nami nawapa idadi ya waliohudhuria na tulipofika katika hadithi.

Tulipofika sasa ni hapa: bonde limekauka, sungura ameiba ufunguo wa kisima, na wachezaji watano wamegawanyika, watatu wanataka kumfungia fisi nje, wawili wameshawabeba watoto wake mgongoni.