Mwalimu Sarah Ntiro na Darasa Lisilomfukuza Mtu

Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imeona vema kumkumbuka mwalimu mmoja wa Uganda ambaye naye aliwahi kuwa mkimbizi.

Sarah Nyendwoha alizaliwa mwaka 1926 huko Hoima, upande wa Ziwa Albert, njia ambayo wengi wetu kutoka Kongo tunaijua. Alisoma King's College Budo, kisha akaingia Makerere, Kampala. Chuo hicho kilianza kupokea wanawake mwaka 1945. Kabla ya hapo wito wake ulikuwa "Tuwe wanaume". Sarah alitaka kusoma hesabu. Mwalimu alipoona kuna msichana darasani, alikataa kufundisha, akatoka. Sarah hakuwa amekosea swali lolote. Ikabidi achukue masomo mengine, ikiwemo historia.

Mwalimu yule alikuwa na elimu, lakini kuongoza darasa hakujua.

Sarah hakukata tamaa. Mwaka 1951 alikwenda Oxford, Uingereza, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi alifundisha Gayaza High School, shule ya wasichana karibu na Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1905. Alipoambiwa kwamba mshahara wake utakuwa chini ya ule wa mwanamume mwenye elimu kama yake, aliukataa, akasema afadhali afundishe bure. Mwishowe alilipwa sawa. Tuangalie hapo: aligomea mshahara, hakuwagomea wanafunzi.

Baada ya kuolewa aliitwa Sarah Ntiro. Miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, alikimbilia Kenya, na huko aliwasaidia wakimbizi wenzake. Baadaye alirudi nyumbani. Alifariki mwaka 2018.

Kwa nini tunayasimulia haya? Kwa sababu hata hapa kambini tumewahi kumtoa mtoto darasani. Msichana mmoja wa darasa la 6, aliyefika bila kujua Kiingereza, alisimamishwa nje kwa kuwa alinyamaza alipoulizwa swali. Kesho yake hakuja, wala hakurudi tena. Kosa hilo ni letu, nasi hatulifichi.

Tangu siku ile, walimu wetu na Kamati tulikubaliana mambo haya. Mwalimu aandae somo lake usiku, na ubao uwe umeandikwa kabla watoto hawajaingia, maana fujo huanza pale mwalimu anapotafuta la kufanya. Mtoto mgeni aketi karibu na mwenzake anayejua Kiswahili na Kiingereza, na swali lake la kwanza liwe rahisi, alijibu hata kwa Kiswahili. Kiranja abadilishwe kila wiki, wavulana na wasichana kwa zamu, ili kila mmoja aonje kazi ya kutunza utulivu. Jina likikosekana siku mbili katika daftari la mahudhurio, mtu aende nyumbani kwao kuuliza. Darasa la 7 wafanye mitihani ya miaka iliyopita kila Ijumaa, na makosa yasahihishwe pamoja, bila kumcheka mtu. Fimbo ibaki nje. Sheria ya watoto ya Uganda imeikataza shuleni tangu mwaka 2016.

Wazazi, nasi tuna sehemu yetu. Mtoto atumwe maji mapema, si saa ya shule, na apewe nafasi ya kusoma kabla giza halijaingia.

Msichana yule bado yuko kambini. Walimu wawili wameshamtembelea mama yake, na nafasi yake darasani tumeiacha wazi. Anayekaa jirani nao atusaidie kumwambia.



Kamati ya Jumuiya