Rangi ya Tatu ya Mwamba wa Kolo

Kuta za mwamba wa Mungomi wa Kolo zina rangi tatu. Nyekundu ni kazi ya wawindaji wa kale: watu wembamba, warefu kama fito, wenye vichwa vikubwa vya duara, wamesimama kati ya twiga, tembo na pofu. Nyeupe imepakwa kwa kidole, nzito, na mara nyingi imelala juu ya ile nyekundu. Ya tatu haikuchorwa na mtu. Ni michirizi ya pombe ya nafaka iliyorushiwa mwamba siku ya tambiko, ikateremka na kukaukia pale pale.

Wengi wanaoandika habari za Kolo huishia kwenye rangi ya pili. Mimi nataka kukaa na ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyowapa wasomi na serikali swali gumu kuliko yote: mwamba huu ni wa nani, na kazi yake ni nini?

Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Babati na Arusha. Basi hupita pale dakika chache tu, na abiria haoni cha kumfanya ashuke. Lakini ukiacha barabara na kupanda vilimani unaingia katika nchi iliyopasuliwa na nguvu za Bonde la Ufa. Miamba imemeguka na kuegemeana, mingine imejitokeza mbele kama upenu wa nyumba, na chini ya penu hizo mvua haifiki wala jua halichomi sana. Humo ndimo michoro ilimodumu. Eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanazidi 150.

Wanaoishi humo leo ni Warangi kwa wingi, pamoja na Wasi, Waburunge na, upande wa magharibi, Wasandawe ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Wakulima, wafugaji na wazao wa wawindaji wamekaa jirani kwa muda mrefu, wakaoana na kukopeshana miungu na dawa.

Utawala wa Kiingereza uliyatangaza maeneo haya kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi Kondoa akafanya kazi ambayo hadi leo haijapata mwenzake. Aliorodhesha maeneo 186, akanakili michoro ipatayo 1,600 kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba na kufuata mistari kwa subira ya mshonaji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, na kwa watu wengi duniani sanaa ya Kondoa ni ile waliyoiona humo. Ni kazi ya heshima kubwa. Hata hivyo karatasi angavu hunasa mstari tu. Hainasi mlima, hainasi njia aliyopita mtu kufika pale, wala hainasi mtu aliyekuja jana kuomba mvua.

Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba katika pango la Kisese, humo humo Kondoa. Vifaa vya huko vilipokuja kupimwa upya katika miaka ya karibuni, shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilionekana kuwa na umri unaozidi miaka 40,000. Hiyo haimaanishi kwamba michoro nayo ina miaka hiyo. Rangi ya udongo wa chuma haipimiki kirahisi. Inamaanisha kwamba penu hizi zilikuwa makao ya watu kabla ya kilimo, kabla ya ng'ombe, kabla ya lugha yoyote inayosikika Kondoa leo.

Kuna mchoro mmoja Kolo unaoonyesha jinsi macho ya wasomi yalivyobadilika. Watu watano wamesimama kwa safu. Wa katikati ni kama mwanamke, na wawili kila upande wanaonekana kumshika mikono. Mary Leakey aliona utekaji: mwanamke anavutwa huku na huku. Baadaye wasomi waliozoea sanaa ya Wasan wa kusini mwa Afrika waliutazama wakaona kinyume kabisa: mtu aliyepandwa na mzuka katika ngoma ya uganga, na wenzake wanamshikilia asianguke. Mistari ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji wa pili alikuwa amewahi kuuliza watu wanaocheza ngoma kama hizo.

Na Kondoa walikuwepo wa kuulizwa. Mtafiti Eric ten Raa aliishi na Wasandawe, na mwaka 1971 aliandika kwamba kwao kuchora mwambani hakukuwa habari ya watu waliokwisha toweka, bali kuliambatana na matambiko ya koo. Aliandika pia habari za simbó, ngoma ambayo wachezaji hugeuka simba ili kuwakinga watu na wachawi. Mtanzania Fidelis Masao alichapisha utafiti wake wa Zama za Mawe za Mwisho na michoro ya kati ya Tanzania mwaka 1979. Imogene Lim naye, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 juu ya Usandawe, alianza na mahali badala ya picha: kwa nini mwamba huu ukachorwa na ule wa jirani, laini zaidi, ukaachwa? Kwangu mimi hapo ndipo utafiti wa Kondoa ulipopevuka.

Maana ukimuuliza mzee wa Kolo, hata leo, hataanza na picha. Mlima wa Mungomi ni mahali pa mizimu. Mvua ikikawia na uwele ukaanza kusinyaa, hupikwa pombe, huchinjwa mbuzi, na wazee hupanda. Wagonjwa hupelekwa huko na waganga. Warangi walio wengi ni Waislamu, na hilo halijazuia wengine wao kupanda mlima. Michoro ipo, inajulikana, lakini heshima ni ya mahali. Pombe hurushiwa mwamba kwa sababu mwamba ndio unaosikia.

Sasa mtazame mhifadhi anayefika asubuhi ya pili yake. Anaona asidi na sukari juu ya rangi iliyodumu maelfu ya miaka. Anaona nyekundu ikififia mahali ambapo kila msimu panalowa. Hasira yake siwezi kuibeza. Picha ikishaoshwa hairudi. Katika baadhi ya maeneo ya Kondoa ziliwekwa kuta za waya kuyazunguka mapango, na hazikudumu, wananchi waliziondoa. Kwa mhifadhi huo ulikuwa uharibifu. Kwa mwenyeji, aliyejenga uzio ndiye aliyefunga mlango wa nyumba isiyo yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, haikusaidia kuwapatanisha. Inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mchoro unaingia humo bila shida. Tambiko haliingii, kwa sababu halikutengenezwa na halina mwaka. Kwa hiyo jambo ambalo wenyeji wanalithamini zaidi ndilo ambalo sheria haina jina lake, na mrithi wa mlima akabaki kuonekana kama mvamizi. Emmanuel Bwasiri, mwanaakiolojia wa Kitanzania, ameandika juu ya jambo hili kwa makini, akidai kwamba urithi usioshikika wa Mungomi wa Kolo ulindwe sawasawa na ule wa rangi.

Maana nyingine, ya kusikitisha, imeingia pia. Upo uvumi kwamba Wajerumani, walipokimbia katika Vita Kuu ya Kwanza, walificha dhahabu na kuacha alama miambani. Watu wakiamini kwamba michoro ni ramani, huja na sururu. Wamechimba chini ya penu, pale pale palipo na tabaka za udongo zenye majivu, mawe yaliyochongwa na mifupa, yaani hazina pekee iliyomo. Hao hawaji kuomba wala kusoma. Tofauti yao na wazee wa pombe ni kubwa mno kuwatia wote katika neno moja la “waharibifu”.

Orodha ya Urithi wa Dunia ilitaja mambo mawili: ushahidi wa michoro, na imani hai za watu wanaoishi karibu nayo. Kwa hiyo tambiko ni sehemu ya sababu iliyoipa Kondoa nafasi katika orodha hiyo, na ni sehemu ya yale yanayoitia michoro hatarini. Njia iliyobaki ni mazungumzo: wazee na wahifadhi wasimame pamoja mbele ya ukuta na kukubaliana pombe imwagwe wapi, labda chini ya mwamba, mbali kidogo na nyekundu. Jibu la wazee ndilo lenye uzito, kwa kuwa wao ndio wajuao kama mwamba utasikia kutoka huko.

Waliopaka nyeupe, wakulima waliokuja baada ya wawindaji, hawakuuliza mtu walipofunika twiga wa kale kwa ng'ombe na alama zao. Leo watafiti wanainakili nyeupe kwa makini, tabaka juu ya tabaka, kama habari ya watu waliouona mwamba huu ukiwa na nguvu wakataka kuongeza neno lao. Michirizi ya pombe iko juu ya zote mbili, na ukiitazama kwa mwanga wa asubuhi unaweza kutambua ipi ilitangulia na ipi ni ya mvua ya mwisho.