Hita inapuliza baridi: historia ya thamostati iliyong'olewa

Leo tuweke kompyuta kando tufungue boneti.

Ukitoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, asubuhi utaitaka hita. Unaiwasha, inapuliza baridi. Kwa nini? Jibu lina historia.

Hita haina moto wake. Inaazima joto la maji yanayopoza injini. Ili maji hayo yapate moto haraka kuna thamostati, kilango kinachoyazuia yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hadi 88 hivi. Ndani yake mna nta: ikipata joto inatanuka na kukisukuma kilango. Thamostati ya nta ilibuniwa na Sergius Vernet miaka ya 1930.

Sasa njoo Bonde la Ufa. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, Nakuru ni kama 94 tu. Kifuniko cha rejeta hubana shinikizo ili maji yasichemke mapema, lakini kikichakaa, mlima unakuwa taabu. Enzi za Peugeot 404 na 504 zilizosheheni abiria na magunia, gari likichemsha kabla ya Mau Summit, fundi alikuwa na dawa ya mkato: ng'oa thamostati, maji yapite kwenye rejeta wakati wote.

Sisi waandishi wa programu tunaijua dawa hiyo. Unazima ujumbe wa kosa, kosa lenyewe linabaki. Mara nyingi mkosaji alikuwa rejeta iliyoziba au kifuniko kibovu.

Magari ya kabureta yalivumilia. Lakini mitumba ya Japani, iliyojaa nchini tangu miaka ya 1990, ina kompyuta. Ikiambiwa injini bado ni baridi, inaongeza petroli, nawe unalipa. Na kioo kikishika ukungu huko juu, hewa baridi hukikausha polepole, huku malori yako mbele yako.

Basi, injini ikiwa imepoa, angalia kwanza maji ya rejeta. Yakipungua, hita nayo hupuliza baridi. (Usifungue kifuniko injini ikiwa moto!) Yakiwa sawa, endesha dakika 15 utazame mshale wa joto. Ukibaki chini, muulize fundi: thamostati imo? Kama haimo, irudishwe, lakini kwanza mtafute kilichofanya ing'olewe.