Malungu, Landrova na Mafundi wa Uani

Historia tuliyosomeshwa darasani imejaa watemi, wamisionari, magavana na vita. Fundi hayumo. Akitajwa, anapewa mstari mmoja tu, kwamba Wafipa walijua kufua chuma, basi. Ukurasa unafunguliwa, tunaingia Mkutano wa Berlin wa 1884–85. Mimi nasema mstari ule hautoshi. Jamaa unayemwona hapa Sumbawanga amelala chini ya gari uani kwake, miguu nje, mafuta machafu hadi kwenye viwiko, ana ukoo mrefu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na malungu. Ilungu ni tanuru la udongo wa kichuguu, refu kama mita 3 hivi, na mabaki yake bado yanaonekana sehemu mbalimbali za Ufipa. Mafundi walilijaza mkaa na mawe yenye chuma, tabaka kwa tabaka. Hawakuvuta mivukuto hapo. Urefu wa tanuru na matundu ya chini ndivyo vilivyovuta hewa, kazi ikaenda usiku na mchana. Kilichotoka bado kilikuwa na takataka, kwa hiyo kiliyeyushwa tena kwenye tanuru dogo, safari hii kwa mivukuto, ndipo mhunzi akapata chuma cha kufua jembe. Tanuru lilitunzwa kama bibi harusi: lilipambwa, likawekewa dawa, na mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Utacheka ukipenda, lakini ndani ya miiko ile kulikuwa na nidhamu ya kazi.

Kilichoua malungu ni jembe la dukani. Wakati wa ukoloni majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalifika kwa bei ndogo, na nani angekata miti na kukesha siku kadhaa kwa jembe ambalo lipo kwa Mhindi? Kuyeyusha kukafa, ila kufua hakukufa. Wahunzi waliendelea na vyuma chakavu, na springi ya gari ikageuka panga na kisu.

Gari lenyewe lililotawala barabara zetu ni Landrova. Lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na haikuchukua muda likawa gari la serikali na misheni Afrika Mashariki nzima. Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikashuka kwa propela hadi kwenye difu, kisha shafti mbili za ekseli zinaipeleka kwenye magurudumu, moja kulia na moja kushoto. Shafti za nyuma za Landrova za zamani zilisifika kwa kukatika. We fikiria gari limetoka Kaoze kule bondeni na mpunga, linapanda Lyamba lya Mfipa wakati wa masika. Gurudumu linateleza kwenye tope, ghafla linashika jiwe. Pap! Shafti imekwenda.

Dereva mjuzi hakulala porini. Alibonyeza kile kitufe cha njano, nguvu ikaenda mbele, gari likajikokota kwa magurudumu ya mbele hadi nyumbani. Na uani kazi ilifanyika bila hata kung'oa gurudumu, maana uzito wa gari unabebwa na hapu na beringi, si shafti. Unafungua bolti 6, unaivuta shafti kama upanga kwenye ala. Shida ni kile kipande kilichobaki ndani. Hicho huvuliwa kwa kitanzi cha waya kama samaki, kikikataa difu linashushwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi wetu hainami tu, analala kabisa.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79. Bei ya mafuta duniani ilipanda, fedha za kigeni zikakauka, spea zikawa dhahabu. Mwaka 1983 ukaja msako wa walanguzi. Rukwa ilikuwa moja ya mikoa minne mikubwa ya mahindi, na mahindi hayatembei kwa miguu. Fundi alifanyaje? Alinyofoa shafti kwenye gari lililokufa. Aliyekosa kabisa alichomelea ile iliyokatika, huku akijua haitadumu, kwa sababu moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma pale jirani na kovu. Ujuzi wa moto na chuma, ule ule wa kwenye malungu, sasa upo chini ya Landrova. Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, na spea zikaanza kurudi kidogo kidogo.

Halafu zikamiminika saluni za mitumba kutoka Japani. Nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, na shafti zake zina viungo vya gololi vilivyofunikwa raba. Raba ikipasuka, mchanga unaingia, grisi inatoka, na ukikata kona unasikia ka-ka-ka-ka. Kazi imebadilika: nati kubwa ya katikati inalegezwa gari likiwa bado chini, ndipo jeki inapigwa, boli joint inaachanishwa, shafti inang'olewa kwenye giaboksi kwa mtaimbo. Fundi hakupelekwa kozi. Alifungua, akatazama, akajifunza.

Sasa tusio na vyeti vikubwa tunaambiwa tumeshindwa shule, tukajaribu gereji. Neno hilo linaniuma, si kwa ajili ya heshima tu. Dharau ndiyo inayofanya ujuzi usiandikwe. Mengi yanayosomwa leo kuhusu Wafipa wa zamani yameandikwa na wageni, kwa Kiingereza. Kitabu cha mwanaanthropolojia Roy Willis kuhusu dola ya Wafipa kilitoka mwaka 1981. Tunamshukuru. Lakini wazee waliomsimulia walikuwa babu zetu, na sisi tulikuwa na masikio.

Waliokesha kwenye malungu wamekwisha. Mafundi waliovua shafti kwa waya wakati wa ukame wa spea bado wapo, nywele nyeupe. Wewe unayetaka kuwa mwandishi, chukua daftari ukakae nao uani. Waulize majina ya vifaa, waulize walivyopima bila kipimo. Ukingoja mwaka kesho, huenda utakuta turubai la msiba.