Nzi wa Etha na Ugonjwa wa Saratani: Habari za Mifereji ya Potasiamu

Katika mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Kaplan na Trout, walitangaza habari za nzi wadogo wa matunda ambao, walipolazwa kwa mvuke wa etha, hawakutulia kama wenzao bali walitikisa miguu kana kwamba wamo dansini. Nzi wa namna moja waliitwa Shaker, yaani mtikisaji. Wa namna nyingine wakapewa jina la ether-à-go-go, kwa kufananishwa na dansi iliyovuma katika vilabu vya Marekani siku zile. Lilikuwa jina la mzaha, wala hapakuwa na dalili yoyote kwamba miaka 30 baadaye lingeandikwa katika habari za saratani.

Ili kuufahamu mkasa huu yafaa kwanza kueleza jambo lenyewe. Ndani ya seli ya mwili wa binadamu potasiamu ni nyingi kuliko nje kwa kadiri ya mara 30. Utando wa seli una mifereji myembamba iliyofanywa kwa protini, na mingi ina mlango wake: ufungukapo, potasiamu hutoka nje, na kwa kuwa ayoni zake zina umeme chanya, ndani hubaki umeme hasi. Katika neva iliyotulia tofauti hiyo hufikia milivolti 70 hivi. Hodgkin na Huxley wa Uingereza waliipima mikondo hiyo katika neva nene ya ngisi, wakachapisha hesabu zao mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel. Kwa muda mrefu elimu hii ilihesabiwa kuwa mali ya neva na misuli.

Mtu aliyethubutu kuutia umeme huu katika habari za saratani alikuwa Clarence Cone, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Langley, cha shirika la anga la Marekani. Katika makala zake za mwaka 1970 na 1971 alieleza kwamba seli zisizogawanyika, kama za neva na misuli, zina umeme hasi mwingi, ilhali zile zigawanyikazo upesi, na za saratani miongoni mwao, zina umeme mchache. Akahukumu kwamba umeme wenyewe ndio utoao au uzuiao ruhusa ya kugawanyika. Mwaka 1976 yeye na Charlotte Cone walieleza jinsi walivyoupunguza umeme wa seli za neva zilizokwisha komaa, nazo zikaanza kugawanyika. Dai lake lilikuwa pana kupita ushahidi wake, kwa maana lilitaka kueleza saratani yote kwa sababu moja. Walakini swali alilouliza lilikuwa la haki.

Jibu lilihitaji chombo. Mwaka huohuo wa 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, mjini Göttingen, Ujerumani, walionyesha njia ya kupima mkondo wa mfereji mmoja tu kwa ncha ya mrija mwembamba wa kioo. Katika mwaka 1984 DeCoursey, Chandy, Gupta na Cahalan wakaikuta mifereji ya potasiamu katika seli nyeupe za damu ya binadamu, ambazo si neva wala si misuli. Walipoiziba kwa dawa, mojawapo ikiwa kwinini, ileile waijuayo wagonjwa wa malaria, seli zilikataa kugawanyika hata zilipochochewa. Hata hivyo waliweka alama ya kuuliza mwishoni mwa anwani ya makala yao, na uangalifu huo ulistahili.

Kwani hapo palikuwa na fumbo. Mfereji wa potasiamu ufungukapo huzidisha umeme hasi, na kwa kauli ya Cone umeme hasi huzuia mgawanyiko. Basi kuuziba kungepasa kuuharakisha, wala si kuuzuia. Maelezo yaliyokubaliwa polepole ni kwamba seli haikai katika hali moja. Kabla ya kuanza kunakili DNA yake, umeme hasi huzidi kwa muda, nao huivuta kalsiamu iingie, na kalsiamu ni mjumbe wa amri nyingi. Baadaye, mgawanyiko ukikaribia, umeme hupungua tena. Isitoshe, potasiamu itokapo hufuatwa na maji, na kwa njia hiyo seli hurekebisha ukubwa wake.

Wakati huo jeni za wale nzi zilikuwa zikichunguzwa. Ya Shaker ilipatikana mwaka 1987. Ya ether-à-go-go ikafuata mwaka 1991, kisha jamaa zake katika binadamu. Luis Pardo, Walter Stühmer na wenzao wa Göttingen waliuchukua mfereji mmoja wa ukoo huo, uitwao Eag1, na mwaka 1999 wakatangaza matokeo yao. Seli zilizotiwa jeni yake ziliendelea kuongezeka hata zilipopunguziwa lishe. Zilipopandwa katika panya wasio na kinga ya mwili zilifanya vivimbe. Na seli za saratani za binadamu, jeni hiyo ilipozimwa ndani yake, zilipunguza mwendo. Katika mwili wenye afya Eag1 hukaa hasa ubongoni, lakini baadaye ulionekana katika vivimbe vingi vya viungo vingine. Ajabu zaidi, mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba mfereji wa nzi ulioharibiwa makusudi, hata usipitishe potasiamu, bado ulichochea mgawanyiko. Nadharia ya Cone haikuanguka hapo, ila ilipunguziwa milki.

Kwa mgonjwa, lakini, shida haiko katika nadharia. Eag1 una ndugu yake, hERG, ambao tangu mwaka 1995 wajulikana kuwa husaidia kuurudisha moyo katika utulivu baada ya kila pigo. Astemizoli, dawa ya mzio, huziba mifereji yote miwili. Iliondolewa katika soko la Marekani mwaka 1999 kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Halofantrini, dawa ya malaria iliyopata kutumika Afrika, ina hatari hiyohiyo. Kwa hiyo dawa ya saratani haina budi kumtambua ndugu mmoja na kumwacha mwingine. Mwaka 2007 watu wa Göttingen walieleza kingamwili izibayo Eag1 bila kuigusa hERG, nayo ilipunguza ukuaji wa vivimbe katika panya. Kingamwili ni molekuli kubwa, wala haivuki kwa wepesi kuingia ubongoni, ambako Eag1 una kazi yake ya halali.