Mbiu za Wachuuzi wa Pwani

Zamani katika miji ya pwani yetu, mtawala alipokuwa na neno la kuwaarifu raia, alimtoa mpiga mbiu apite mitaani na pembe lake la nyati, na watu wakatega masikio wajue ni amri gani iliyoshuka. Lakini mchuuzi mwenye rasilmali ya kapu moja hakuwa na haki wala haja ya pembe hilo, kwa kuwa mbiu hukusanya mji mzima, na kahawa ya dele moja haiutoshi mji mzima.

Muuza kahawa aliridhika na vikombe vyake. Hushika vikombe viwili vidogo katika kiganja kimoja, akavigonganisha kwa mpigo usiobadilika, ilhali mkono wa pili umechukua dele la shaba lenye makaa chini yake. Na mlio ule, ambao aghalabu hauvuki vichochoro viwili vitatu vya Mji Mkongwe, ndio hasa kipimo cha tijara yake, maana anayeusikia akiwa barazani yu karibu kiasi cha kuinywa kahawa ingali moto, na asiyeusikia hana faida naye.

Mwenye duka la nguo, ambaye mali yake haipoi, alitaka njia nyingine. Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, alianza biashara ya kanga Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikatoka na chapa ya K.H.E. pamoja na maneno “Mali ya Abdulla”. Wengi humhesabu kuwa ndiye aliyeanzisha desturi ya kuziandika kanga misemo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kizungu. Werevu wake, kwa maoni yangu, ulikuwa katika chapa kuliko katika misemo: tangazo lake hakulibandika ukutani, bali aliwavika wateja wenyewe, likaenda arusini na matangani, na mwanamke aliyeihusudu kanga ya jirani yake hakuwa na haja ya kuuliza imetoka duka gani.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na redio, kama Sauti ya Unguja ya mwaka 1951, zilifika mbali kuliko kanga. Lakini zilimfaa zaidi mwenye shehena kuliko mwenye sinia. Mkaanga mihogo wa Ng'ambo, Unguja, lau angalilipia tangazo lisikike hadi Pemba, angalinunua wasikilizaji asioweza kuwalisha.

Umbali ulianza kupungua nguvu pale malipo yalipoweza kusafiri bila mlipaji, yaani tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Ndipo mwenye duka la magauni Kariakoo alipoweza kutundika picha Instagram, akaandika chini yake “tunatuma mikoani”, kisha akaukabidhi mzigo kwa basi liendalo Mwanza. Gauni huvumilia safari na husifika kwa picha. Maandazi hayana subira hiyo. Mama mwenye kuyapika kabla ya alfajiri hutosheka na “status” ya WhatsApp, ambayo huonwa na wale waliohifadhi namba yake naye akahifadhi zao, nao aghalabu ni watu wa mtaa wake, na hufutika baada ya saa 24, wakati ambapo maandazi yenyewe hayafai tena kuuzwa. Tangazo na bidhaa vimelingana umri, na wala mama huyo hakushauriwa na mtaalamu yeyote.

Kwa hiyo nawastaajabia wamhimizao fundi mwenye cherehani moja afungue kurasa Facebook, Instagram na TikTok kwa siku moja, kana kwamba wingi wa milango ni wingi wa wateja, ilhali hana wa kumjibu aulizaye bei, na swali likikaa siku tatu bila jibu muulizaji amekwisha shonewa kwingine.

Hata Kariakoo, wenye kurasa zenye wafuasi maelfu hawajaacha kuandika mtaa, jengo na namba ya duka chini ya picha zao. Kwani wanunuzi wa mikoani, waliokwisha sikia habari za waliopokea fedha wakatoweka, huuliza kwanza duka lipo wapi, na wengine humtuma ndugu aliyeko Dar es Salaam akalione kwa macho kabla hawajalipa.